Nyusi za Elida

Asubuhi ile Dismasi alitazama kila kitu pale mnadani Kibirizi isipokuwa nyusi za Elida.

Alitazama mabeseni ya dagaa yaliyopangwa mchangani, yakimeta kama yamejazwa sindano. Alitazama boti zilizokuwa zikishusha, akamtazama mbwa mmoja aliyejilaza, akatazama hata mawingu ya upande wa Kongo, ambayo hayakuja kununua kitu. Lakini pale mbele yake kabisa alisimama msichana mwenye kitenge cha kijani kichwani, nyusi zimepanda mpaka zinakaribia kuingia kwenye nywele, na yeye, dalali wa mnada, hakumwona.

"Beseni la mwisho," Dismasi aliita, kwa ile sauti yake ambayo watu wa Katonga husema wanaisikia kwao upepo ukiwa mzuri. "Nani anaongeza? Mama mwenye kofia, umeongeza? Haya, limekwenda. Limekwenda kwa mama mwenye kofia."

Elida alishusha nyusi. Akainama, akaokota beseni lake tupu, akalikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Inafaa kueleza habari ya hizo nyusi, maana asiyezijua anaweza kudhani ni urembo tu. Nzuri zilikuwa nzuri, hilo halina ubishi, nyeusi na nene, zimekaa usoni kama zilichorwa na mtu asiye na haraka. Lakini kwa Elida nyusi ndizo zilikuwa mdomo. Si kwamba alikuwa bubu. Nyumbani, akiwa jikoni na mama yake, aliongea mpaka ugali ukaungua. Ila watu wakishakuwa wengi, wakamgeukia, koo lilijikunja, viganja vikaloa, moyo ukaanza kugonga kama mashine ya boti inayokataa kuwaka, na maneno yote aliyoyapanga vizuri njiani yakatawanyika kila moja na njia yake. Basi akawa anapandisha nyusi. Zikipanda, ndiyo. Zikitulia, hapana. Na walimwengu wakazoea.

Walizoea, lakini yeye ndiye aliyelipia. Aliwahi kushonewa gauni la kijani akiwa ametaka jekundu, akashukuru. Aliwahi kwenda zahanati na jino bovu, muuguzi akamuuliza mbele ya foleni nzima kama ni tumbo, naye akapandisha nyusi, akarudi nyumbani na dawa ya minyoo. Na siku chache alizojikaza akasema neno, watu walilifanya habari. "Jamani, Elida kaongea." Hapo ndipo lilipokuwa kaburi lake. Kunyamaza kulimuumiza, lakini kusema kisha watu wakashangilia kama mbuzi kasema, hilo lilimmaliza kabisa.

Alipoanza kazi ya dagaa, alinunua mabaki. Mnadani bei hutajwa kwa mdomo, na asiye na mdomo huchukua kilichokanyagwa. Hali ilikuwa hiyo mpaka alipokuja Dismasi kuwa dalali. Siku ya kwanza alimuuliza hadharani, "Dada, una kitu jichoni?" Watu wakacheka, Elida akatamani mchanga umfunike. Siku ya pili hakuuliza. Alimtazama tu, akaona zile nyusi zinapanda kila bei inapopanda, kisha akaita, "Limekwenda kwa Elida," kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ndivyo watu wote duniani wanavyonunua dagaa.

Wasichana wengine hupenda zawadi. Elida alipenda hiyo kawaida.

Baada ya hapo Dismasi akaanza kumletea chai. Kila mnada ulipoisha, alimfuata na kikombe cha chai ya maziwa kutoka kwa Mama Agape, kimetiwa sukari vijiko vinne, maana kijana yule aliamini mapenzi yanapimwa kwa kijiko. Elida hakupenda sukari hata chembe. Alikunywa. Akiulizwa kama imekolea, nyusi zinapanda.

Kisha ikaja ile Jumapili, Dismasi alipoleta posa.

Kwa ukoo wa Mzee Zefania, baba yake Elida, posa haipokelewi na baba wala na wazee. Hupokelewa na binti mwenyewe. Huletwa sebuleni amefunikwa kitenge gubigubi, asione mtu wala asionekane uso, akasimamishwa mbele ya kikapu cha wageni. Baba humuuliza, "Hawa wageni unawajua?" Akisema nawajua, kikapu kinapokelewa na vigelegele vinaanza. Akinyamaza, amekataa, na wageni hubeba kikapu chao wakaenda zao. Ni desturi nzuri. Walioiweka hawakutaka binti aozwe kwa nguvu. Tatizo lao ni kwamba hawakumjua Elida.

Aliyemfunika alikuwa Shangazi Agnesi, dada ya baba, aliyetoka Ujiji asubuhi kwa kazi hiyo. Alichagua kitenge kizito chenye picha za majogoo, akakikunja mara mbili. Shangazi huyu hakuwa akimtaka Dismasi. Alikuwa na mgane wake mmoja, mwalimu, mtu mpole wa kuvaa soksi hata jioni, na alishamwambia kila mtu kwamba msichana mkimya anafaa nyumba kimya.

"Hawa wageni unawajua?" aliuliza Mzee Zefania.

Chini ya majogoo, Elida alifungua mdomo. Akasikia pumzi za watu. Akasikia kiti kinalia. Mtu akakohoa, na kikohozi kile kikamjulisha kwamba chumba kimejaa na wote wanamngoja yeye. Koo likajikunja.

"Mwanangu, nakuuliza tena. Unawajua?"

Basi Elida akafanya alichokuwa amefanya maisha yake yote. Akapandisha nyusi. Alizipandisha kwa nguvu zake zote, mpaka paji la uso likamuuma, akazishikilia huko huko juu, huku machozi yakimtoka kwa furaha kwamba amejibu.

Kitenge hakikutikisika.

"Mwanangu hajasema," alisema Mzee Zefania, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi. "Wageni, mtuwie radhi."

Alipofunuliwa, sebule ilikuwa na viti vitupu. Shangazi Agnesi alimfuta machozi kwa pindo la kitenge. "Umefanya la maana," alimwambia. "Mtu anayekula kwa kupayuka? Ungeishi na redio isiyozimwa."

Usiku ule ule mama yake aliambiwa ukweli, na mama akamwambia baba. Baba akasema binti yake amempatia kazi ngumu. Posa ikisharudishwa, ukoo hauwafuati wageni. Wageni ndio hurudi, wakitaka, na wageni waliobebeshwa kikapu chao mbele ya majirani hawana hamu ya kurudi. Elida akatuma ujumbe wa simu. Haukufika. Simu ya Dismasi ilikuwa ziwani. Wapo waliosema aliitupa kwa hasira, na wapo waliosema ilimponyoka alipoinama kunawa uso, lakini kwa Elida yote yalikuwa mamoja.

Ndiyo sababu asubuhi ile alitoka mnadani na beseni tupu, akapanda hadi kwenye chanja za kuanikia, alipokuwa Bibi Marsiana.

Bibi Marsiana hakuwa bibi yake wa damu. Alikuwa jirani wa chanja, mzee mwenye meno machache na maneno mengi, anayegeuza dagaa kwa mkono mmoja na kugeuza habari za watu kwa mkono wa pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tupu tena?"

Nyusi zikapanda.

"Usinipandishie nyusi mimi, miwani yangu imevunjika. Sema."

"Ndiyo, bibi. Tupu."

"Hajakutazama."

"Hajanitazama."

"Ulitaka akutazame kwa lipi? Umemkataa mbele ya ukoo mzima, mtoto wa watu akatoka pale kama kuku aliyemwagiwa maji."

"Sikumkataa, bibi."

"Ulinyamaza."

"Nilijibu."

"Ulijibu na nini?"

Elida aliwatazama dagaa wa Bibi Marsiana kana kwamba wangemsaidia. "Na nyusi."

Mkono wa bibi ulisimama. "Si ulikuwa umefunikwa?"

"Nilikuwa nimefunikwa."

"Gubigubi?"

"Gubigubi."

Bibi Marsiana alijitahidi. Alibana midomo, akatazama ziwa, akakumbuka misiba yote aliyowahi kuhudhuria. Haikusaidia. Alicheka mpaka akaegemea chanja, chanja ikainama, dagaa wa watu wakamwagika mchangani, akaendelea kucheka huku anawaokota.

"Nisamehe, mjukuu wangu," alisema akijifuta macho. "Nimeona waliokataa kwa kukimbia, nimeona waliokataa kwa kuunguza chakula cha wageni. Lakini aliyekubali peke yake gizani, huyo sijamwona."

Elida naye alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, na katikati yake kikageuka kilio. Bibi alimwacha alie. Alimsogezea ndoo iliyopinduliwa, akamkalisha, akaendelea kuokota dagaa.

"Mwambie wewe, bibi," Elida alisema mwishowe. "Wewe unaweza. Neno moja tu."

"Nikimwambia mimi atanioa mimi. Na mimi chai ya vijiko vinne naipenda."

"Bibi."

"Nisikilize. Nikimwambia mimi, atasema huyu mzee ananionea huruma. Alikataliwa akisikia kwa masikio yake. Masikio hayo hayo ndiyo yanayotaka kusikia kitu kingine. Na uharakishe. Kesho mnada ukiisha anapanda boti ya Kalya, kwa kaka yake. Kazi anamwachia Martini, msaidizi wake."

Elida aliinua kichwa. Kalya ni mbali, kusini huko, na mtu akienda kwa kaka yake na begi lake lote, si wa kurudi wiki ijayo.

"Unaogopa nini hasa?" bibi aliuliza. Safari hii hakuwa anatania.

"Watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Sikudanganyi. Mimi nimekwisha kukucheka hapa, mpaka nimemwaga dagaa. Umekufa?"

Elida alifikiri. "Hapana."

"Basi. Sasa inuka. Yule pale ni Mwinshehe. Mwite aje achukue gunia langu."

Mwinshehe alikuwa mchukuzi, mtu mwenye shingo pana, amekaa kwenye ubao wa boti anakula muhogo. Siku zote Elida akimtaka alikwenda akasimama karibu naye, akangoja ageuke, kisha akaonyesha mzigo kwa kidole. Mara nyingine alingoja mpaka jua likamchoma.

"Bibi, niende nikamwonyeshe tu."

"Huendi. Mwite ukiwa hapa hapa. Usifikirie maneno yote. Jina tu."

Elida aliita. Sauti ilitoka ndogo, mbuzi mmoja ndiye aliyegeuka.

"Mbuzi hana nguvu za gunia," bibi alisema. "Tena."

"Mwinshehe."

Mchukuzi alitazama huku na huku, muhogo shavuni. "Nani kaniita? Wewe? Elida, kumbe una sauti." Akawageukia wenzake. "Jamani, Elida kaniita kwa jina."

Ilikuwa kama alivyoogopa, kama siku zote. Uso ulimwaka, masikio yakaziba, akataka kukimbilia nyuma ya chanja. Bibi Marsiana alimshika pindo la kitenge, si kwa nguvu, kama mtu anayepapasa ubora wa kitambaa.

"Ngoja," alisema. "Itapita."

Wachukuzi walicheka kidogo, mmoja akapiga mluzi. Kisha mmoja wao akaanza kusimulia habari ya mpira, na wote wakamgeukia huyo. Mwinshehe alipanda, akabeba gunia, akaondoka nalo akilalamika kwamba ni zito. Elida alibaki amesimama pale pale. Moyo ulikuwa bado unagonga, lakini ulikuwa unagonga ndani ya mtu mzima, ambaye hakuna kilichomkatika.

"Imepita," alisema taratibu.

"Hupita," bibi alisema. "Ila hukaa mlangoni. Kesho utaikuta tena."

Na kesho yake aliikuta.

Aliikuta tangu anafunga kitenge kichwani, vidole havishiki fundo. Aliikuta kwenye kiteremko cha kushukia mwaloni, boti zinakoegesha, miguu inamwambia arudi nyumbani. Alipofika, mnada ulikuwa umeanza. Dismasi alisimama juu ya kreti lake, Martini pembeni anajifunza. Begi lilikuwa mchangani karibu na miguu yake, na boti ya Kalya ilikuwa inapakia. Wanawake walikuwa wengi kuliko siku zote, maana dagaa waliingia vizuri. Na katikati ya umati, kikapu mkononi, alikuwepo Shangazi Agnesi, aliyekuja kutafuta samaki, migebuka ya kumpikia yule mwalimu.

Elida aliona yote hayo, akajipenyeza mpaka mbele.

"Beseni hili hapa," Dismasi aliita. Hakumtazama. "Wabichi, wametoka majini muda si mrefu. Nani anaanza?"

"Mimi," alisema Elida.

Hakuna aliyesikia. Mama mwenye kofia alitaja bei, mwingine akaongeza.

Alivuta pumzi. Neno moja tu, alijiambia. Moja tu, kama kwa Mwinshehe.

"Mimi."

Safari hii lilitoka kubwa na limepasuka, kama mlango usiotiwa mafuta miaka mingi. Mnada ukanyamaza. Watu waligeuka, nyuso zote kwa pamoja, na hilo ndilo jambo ambalo Elida alikuwa amelikimbia tangu alipoanza kujua kukimbia.

"Nani?" aliuliza Dismasi. Alijua. Kila mtu aliona kwamba anajua.

"Elida."

"Unaongeza?" Ilikuwa sauti ya kazi, haina joto lolote.

"Siongezi. Sinunui."

Vicheko vya hapa na pale vikaanza.

"Sasa dada, mnadani umekuja kufanya nini?" Martini aliuliza.

"Nimekuja kumjibu."

"Elida." Huyo alikuwa Shangazi Agnesi, akipenya kwa kiwiko. "Mwanangu, jifunike vizuri twende nyumbani. Utatuaibisha."

Elida alimgeukia shangazi yake, akamwinamia kidogo kwa heshima. "Shikamoo, shangazi," alisema. "Sijamaliza."

"Marahaba, nimeitikia kwa niaba yako, Agnesi," alisema Bibi Marsiana nyuma yao, ambaye asubuhi ile hakuwa na dagaa wa kuanika wala sababu ya kuwa pale. "Sasa sogea, unanikinga nisione."

Elida alimtazama Dismasi. Hakuwatazama wengine, hao hakuwaweza. Alimtazama yeye peke yake, juu ya kreti lake, na maneno yakaja moja moja, kila moja likitoka kama limebebwa mgongoni.

"Jumapili niliulizwa kama nawajua wageni. Nilijibu. Nilipandisha nyusi." Akameza mate. "Chini ya kitenge."

Watu walilielewa jambo mmoja mmoja. Kisha Kibirizi yote ikacheka.

Walicheka wanawake wa mabeseni, wakashikana mabega. Walicheka wavuvi kwenye boti, na walioko mbali wakauliza wanacheka nini, wakaambiwa, wakaanza upya. Mwinshehe aliweka gunia chini ili acheke vizuri. Elida alisimama. Alikisikia kicheko kinakuja, kinampiga, kinampita. Uso uliwaka. Masikio yakaziba. Alingoja. Na huku akingoja aliona jambo ambalo hakulitarajia: mama mwenye kofia alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na machozi yale hayakuwa ya dharau. Alikuwa anamtazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto wake mwenyewe aliyeanguka akainuka.

Kicheko kilipopungua, Elida alikuwa bado yupo. Akafungua kitenge kichwani, akakishika mkononi, ili kisibaki kitu cha kumficha. Akapandisha nyusi, polepole, aone kila mwenye macho. Na zikiwa huko juu, akasema pia kwa mdomo.

"Nawajua. Nawajua wageni. Na kikapu nilikitaka."

Dismasi alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akakifunga, akakifungua tena. Sauti ile iliyokuwa ikifika Katonga haikufika hata kwenye meno yake.

"Dalali," aliita mvuvi mmoja, "dagaa wanapigwa jua huku."

Dismasi alishuka kwenye kreti. Alimsukuma Martini juu yake, akapita katikati ya mabeseni bila kukanyaga hata moja, akaja mpaka kwa Elida, akasimama. Hakumshika mkono, maana shangazi yupo na watu wapo. Alishika ukingo wa beseni lake tupu, upande wa pili, wakawa wamelishika wote wawili, wakaenda nalo hivyo mpaka ukingoni mwa maji, mahali ambapo makelele ya Martini yalifika yamechoka.

Beseni lilikuwa linatetemeka. Dismasi hakumwambia asitetemeke. Alilishikilia tu.

"Nilikuwa nimekaa karibu na mlango," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Elida hakuwahi kuisikia. "Nilikuwa natazama kitenge. Nilizitafuta nyusi zako, Elida. Niliona majogoo tu."

"Nilizishikilia mpaka zikaniuma."

"Mimi nilitoka pale najua umenichoka. Nikasema, kanizoea mnadani, anipendee nini nyumbani? Mtu mwenyewe mpayukaji."

"Sijakuchoka."

"Mbona hukuniambia hata siku moja kwamba unanipenda?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Dismasi aliinama, akaokota kokoto, akaigeuzageuza. "Mimi naita bei za watu. Hiyo ni kazi, naiweza hata nikiwa na usingizi. Neno la kwangu mwenyewe sijawahi kulitaja. Lile la posa nilimtuma mshenga, Mzee Bonaventura, aliseme. Mengine yote niliyatia kwenye chai."

Elida alimtazama. Kijana mwenye sauti kubwa kuliko wote pwani ile, na viganja vyake vilikuwa vimeloa kama vya kwake. Akatamani kucheka, akatamani kumfunika na kitenge.

"Baba amesema mkirudi Jumapili atawapokea," alisema.

"Watakufunika tena."

"Watanifunika."

"Na sauti ikigoma?"

"Itagoma. Utanisubiri?"

"Mpaka wageni walale kwenye viti."

"Ikija itakuja ndogo."

"Masikio yangu ni ya dalali."

Kule kwenye boti mtu aliita abiria wa Kalya. Mashine ilikohoa, ikawaka. Aliita tena, akalitaja na jina la Dismasi, akamwambia begi lake tayari limepakiwa. Dismasi hakuitika. Alimgeukia Elida, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa bado haijarudi yote, akapandisha nyusi zake mwenyewe kumuuliza. Zilikuwa nyusi chache, zisizojua kazi. Moja ilipanda, ya pili ikabaki chini.

"Usiende," alisema Elida.

Alilisema kwa mdomo, neno zima, mpaka mwenye boti akalisikia, akalitupa begi mchangani akinung'unika kuhusu watu wasiojua wanakokwenda.

Walikaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa. Mnada uliendelea bila wao. Martini alikuwa na sauti ya kukwaruza, lakini angejifunza. Shangazi Agnesi alipita na migebuka yake, akasimama, akamtazama Dismasi kutoka viatu hadi kichwa kama anayetafuta kasoro ya kumpelekea kaka yake. "Jumapili msichelewe," alisema. "Na wewe Elida, nitatafuta kitenge chepesi." Akaenda zake, mgongo umenyooka.

Dismasi alikwenda kwa Mama Agape, akarudi na kikombe kinachofuka moshi na kibakuli cha sukari. Alikaa, akatia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, kwa uangalifu wa mtu anayefanya ibada. Elida alikuwa anamtazama. Moyo ukaanza kugonga tena. Ilikuwa aibu kwamba baada ya Kibirizi yote kumcheka, kikombe cha chai kinaweza kumtisha namna hii.

"Dismasi."

"Naam, mpenzi."

"Sipendi sukari."

Kijiko cha nne kilisimama hewani. "Leo?"

"Siku zote."

"Siku zote zote? Na ile ya siku ya mvua, ulipomaliza ukalamba kijiko?"

"Ulikuwa unanitazama."

Dismasi aliitazama chai, akamtazama yeye, na Elida akaziona habari za mwaka mzima zikipita usoni kwake, kikombe baada ya kikombe. Kisha akaanza kucheka, kimya kimya, mabega yakitikisika. Akainywa ile chai yeye mwenyewe, yote, kama mtu anayekunywa adhabu yake. Alipomaliza akageuka kuelekea kwa Mama Agape, akajaza kifua pumzi, tayari kuita.

Elida alimgusa mkono. "Acha," alisema.

Akasimama. Mama Agape alikuwa mbali kidogo, amewapa mgongo, anapuliza moto, na wateja wamemzunguka. Viganja vya Elida vililoa. Koo lilijikunja, kama litakavyojikunja kesho na Jumapili na siku nyingine nyingi.

"Mama Agape," aliita. "Niletee chai. Isiwe na sukari."

Mama Agape hakugeuka. Hakushangaa, hakumwita mtu ashuhudie.

"Inakuja," alisema, akaendelea kupuliza moto.